Kitabu cha simu cha kazi na biashara, Kigoma Ujiji: shajara ya mradi

Shajara hii inaeleza jinsi tulivyotengeneza kitabu kidogo cha simu kinachoorodhesha mafundi, maduka na watoa huduma wa Manispaa ya Kigoma Ujiji kwa aina ya kazi zao. Ninaiandika kadiri kila hatua inavyokamilika, ili mtu wa Kasulu, Kibondo au Tabora atakayetaka kutengeneza cha kwao asirudie makosa yetu. Fedha zote zilizotajwa ni shilingi za Tanzania, na gharama ni zile tulizozitoa mfukoni.

6 Januari 2025: Uamuzi na mipaka ya kazi

Mwezi uliopita pampu ya maji ya jirani yangu iliharibika, na tulizunguka siku mbili kabla ya kumpata fundi, ambaye karakana yake kumbe iko Katubuka, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwetu. Intaneti ilituletea maduka ya Dar es Salaam. Watu tuliowauliza njiani walimjua kila fundi kwa jina lake la utani, lakini hapakuwa na mahali popote ambapo jina, kazi na namba yake vimeandikwa pamoja.

Kijana mmoja kati ya wawili ninaofanya nao kazi alipinga wazo la karatasi. Alinikumbusha kwamba nchini Uingereza, ambako kurasa za njano, yaani kitabu cha simu kilichopangwa kwa aina ya kazi, zilianza kutolewa Brighton mwaka 1966, uchapishaji wake ulikoma mwaka 2019. Hoja yake ni ya kweli, ila kule kitabu kiliachwa baada ya mafundi wenyewe kuwa wamekwisha kuandikwa mtandaoni, na sisi wa kwetu hawajaandikwa popote. Tena wengi wa watu tunaowakusudia hutumia vitochi, na kitabu kinachoning'inia kwenye kaunta ya duka hakihitaji bando.

Nilichojifunza kwa kusoma kuhusu vitabu hivi ni kwamba kupanga kwa aina ya kazi ni jambo la kale sawa na kitabu cha simu chenyewe. Orodha ya kwanza, iliyotolewa New Haven, Marekani, tarehe 21 Februari 1878, ilikuwa karatasi moja yenye wateja wapatao 50, na tayari ilikuwa imewagawa: nyumba za watu, matabibu, madaktari wa meno, maduka na viwanda, masoko ya nyama na samaki. Haikuwa na namba hata moja, kwa sababu aliyepiga simu alimtajia mhudumu wa mitambo jina tu, naye akamuunganisha. Yaani mgawanyo wa kazi ulitangulia namba.

Tumekubaliana kuanza na Mwanga, Gungu, Katubuka, Kibirizi na Ujiji. Kuorodheshwa ni bure kwa kila mtu. Atakayetaka kisanduku cha tangazo atalipia.

3 Februari 2025: Siku 12 za kutembea

Vijana wawili walitembea tangu tarehe 20 Januari hadi tarehe 1 Februari, Jumapili ikiwa siku ya mapumziko, kwa posho ya 10,000 kila mmoja kwa siku. Posho ilifika 240,000, nauli 46,000 na vocha 38,000. Walifika kwenye biashara 611. Biashara 47 zilikataa, nyingi kwa kudhani kwamba tumetumwa na watu wa kodi, na 26 tulizikuta zimefungwa kila tulipopita. Zilizobaki ni 538.

Ridhaa tuliichukua kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na namba ya fundi anayefanya kazi peke yake ni namba yake binafsi hata kama ameibandika mlangoni. Fomu yetu ina sentensi tatu tu: namba hii itachapishwa, itauzwa kitabuni, na mwenyewe anaweza kuomba iondolewe katika toleo lijalo. Asiyejua kusoma alisomewa mbele ya jirani yake.

Kosa kubwa la hatua hii lilijitokeza baada ya siku nne. Kijana aliyekutwa dukani alikuwa akitaja namba yake mwenyewe, kwa nia njema kabisa, kwa sababu ndiye anayepokea simu za wateja. Tulipopitia fomu upya tuligundua namba 31 za aina hiyo, na vijana wa dukani huhama. Tangu siku ya tano swali la mwisho likawa hili: "Ukiondoka hapa kesho, namba hii itabaki dukani?" Swali hilo moja lilituokoa zaidi ya mengine yote. Aidha, kila namba ilibipiwa papo hapo hadi simu ya mwenyewe ikaita mbele yetu, na kwa njia hiyo tarakimu zilizokosewa zilisahihishwa kabla ya kuondoka kibarazani.

Anwani nazo zilihitaji uamuzi. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 iliacha vibao vya namba milangoni na majina ya mitaa, lakini hakuna mteja aliyetuelekeza kwa namba ya nyumba. Walisema "nyuma ya msikiti", "mkabala na mashine ya kusaga", "ukishuka kuelekea stesheni". Tumeandika vyote viwili, alama ya mahali ikitangulia na namba ya nyumba ikifuata pale ilipo. Jambo hili linakula nafasi, maana kila biashara inachukua mistari mitatu badala ya mmoja.

15 Februari 2025: Namba zilizoharibiwa na kompyuta

Nilinakili fomu zote kwenye programu ya majedwali bila kufikiri, na siku ya pili nikakuta sifuri ya mwanzo imefutwa katika kila namba, huku zile zilizoandikwa kwa 255 zikiwa zimegeuzwa kuwa hesabu fupi yenye herufi E katikati. Kompyuta iliziona kama kiasi cha kitu cha kujumlishwa. Dawa yake ni kuiambia safu nzima kwamba ni maandishi kabla ya kuingiza namba ya kwanza, kwa sababu ukisahihisha baadaye, sifuri hairudi. Nilirudia kazi ya siku mbili.

Kisha niliweka kanuni kwamba namba yenye tarakimu pungufu au zaidi ya 10 ikataliwe, na kanuni hiyo ikawatupa nje wafanyabiashara halali. Kigoma ni mji wa bandari ya ziwa, na baadhi ya wauza vitenge na mawakala wa mizigo hupokea simu kwa laini za Burundi au za Kongo. Namba ya Burundi ina tarakimu 8 baada ya 257, na ya Kongo hutanguliwa na 243. Sasa namba hizo zimeandikwa kamili kwa alama ya kujumlisha, na simu chache za mezani zilizobaki zinaanza na 028.

Nilikusudia pia kuandika jina la mtandao kando ya kila namba, ili mpigaji ajue kama bando lake litafaa. Nimeliacha wazo hilo. Tangu tarehe 1 Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba, kwa hiyo tarakimu za mwanzo hazithibitishi tena mtu yuko mtandao gani, na kitabu kisichapishe kitu ambacho hakiwezi kukithibitisha.

22 Februari 2025: Kitabu chenye herufi mbili

Hapa ndipo kazi ilipokwama kwelikweli, na ninaomba anayetaka kuiga asome sehemu hii kwa utulivu.

Nilipanga vichwa 118 vya aina za kazi kwa alfabeti, kila kimoja kama watu wanavyokitaja: Duka la dawa, Duka la nguo, Duka la viatu, Fundi bomba, Fundi cherehani, Fundi friji, Fundi redio. Nilipomaliza nilihesabu. Vichwa 34 vilianza na neno Duka na 29 vilianza na neno Fundi. Zaidi ya nusu ya kitabu ilikuwa chini ya D na F, na mtu aliyefungua penye F angelazimika kusoma kurasa nyingi kabla ya kufika kwa fundi anayemtaka. Alfabeti haikuwa inamsaidia kwa lolote. Lugha yetu hutanguliza mtu au mahali, kisha ndipo hutaja kitu, na neno linalotofautisha kazi moja na nyingine huja la pili au la tatu.

Nilijaribu kupindua: "Dawa, duka la", "Friji, fundi wa", "Wavu, washonaji wa". Kwa jicho langu la ualimu ilionekana nadhifu. Nilichapa kijitabu cha mfano cha kurasa 16 chenye vichwa 30, nakala 20, kwa 16,000.

8 Machi 2025: Jaribio la kwanza, na aibu ya wavu

Tuliwapa watu 20 kijitabu hicho, baadhi sokoni Mwanga, wengine mwaloni Kibirizi, wengine Ujiji. Kila mmoja aliombwa atafute vitu vinne bila msaada wetu. Fundi wa friji alipatikana na watu 14. Dawa ya kuku walioipata ni 6. Mtu wa kutengeneza cherehani iliyoharibika walimpata 5. Mshonaji wa nyavu walimpata 3.

Hilo la mwisho liliniuma, kwa sababu katika mji unaoishi kwa dagaa na migebuka, kitabu kinachoshindwa kumwonyesha mvuvi nyavu hakina haki ya kuitwa kitabu cha Kigoma. Nilimwuliza mvuvi mmoja wa Kibirizi aliyekuwa amekwishafunua kurasa zote za N. Akanijibu, "Mwalimu, mimi natafuta nyavu. Huo wavu wako mmoja nitavua nao nini?" Nilikuwa nimeweka umoja kwa sababu kamusi huweka umoja, na W iko mwisho kabisa wa kitabu. Yeye alitafuta neno analolitamka kila siku.

Tulirudi kwenye vichwa vyote na kuvisoma kwa sauti. Hakuna anayemtafuta daktari wa jino. Watu husema meno. Husema macho, husema viatu, husema nyavu, lakini husema tairi na betri, hata wanapotaka nne. Kwa hiyo kanuni ya umoja au wingi haifai, na badala yake tumesikiliza kila neno peke yake. Kazi hii ilichukua jioni tatu, vijana wakiuliza majirani na wapita njia, "Ukiharibikiwa na kitu hiki unasema unatafuta nini?"

Dawa ya kuku ilishindikana kwa sababu tuliiweka chini ya Pembejeo, neno linaloandikwa kwenye vibao vya maduka na ambalo wafugaji wa kuku watano nyumbani hawalitumii. Walitafuta Dawa, wakakuta dawa za binadamu. Wengine walitafuta Kuku, wakakuta wauzaji wa vifaranga.

Cherehani ndiyo ilikuwa na mtego mkubwa kuliko yote. Fundi cherehani ni mtu anayeshona nguo. Anayetengeneza cherehani yenyewe hana jina fupi, naye pia ni fundi wa cherehani. Mama mmoja wa Gungu alituambia kwamba kabla ya mradi wetu aliwahi kupiga simu kwa mafundi wanne kuhusu cherehani yake iliyokatika mkanda, na wote wanne walimwuliza ana kitambaa mita ngapi.

29 Machi 2025: Mpangilio uliofaulu

Sasa kila kichwa ni kitu chenyewe, kwa herufi nzito, katika umbo linalotamkwa. Chini yake watu wamegawanywa kwa kitendo: wanaouza, wanaokodisha, wanaotengeneza. Kitenzi hiki cha mwisho kilitusumbua kwa sababu anayetengeneza milango anaiunda upya, na anayetengeneza friji anaifufua iliyokufa, na lugha inawaita wote kwa neno moja. Nilitaka kuandika "wanaokarabati", lakini watu waliotusikia walidhani tunazungumzia majengo na meli. Tumeishia kwenye maneno marefu yanayoeleweka: "wanaotengeneza vipya" na "wanaotengeneza vilivyoharibika". Hivyo chini ya CHEREHANI wapo wanaouza na wanaotengeneza zilizoharibika, na washonaji wote wamehamia NGUO.

Hata hivyo hatukumnyima haki yake mtu anayefungua penye F. Neno Fundi lina ukurasa wake usio na namba ya simu hata moja, bali maelekezo tu: Fundi bomba, tazama Maji, Fundi cherehani, tazama Nguo, Fundi pancha, tazama Tairi. Neno Duka lina ukurasa kama huo. Pembejeo imebaki, ikielekeza kwenye Kuku, Mbegu, Mbolea na Ng'ombe. Maneno yote ya "tazama" ni 96. Neno Mashine nalo lilihitaji maelekezo, kwa maana wa Mwanga walielewa mashine ya kusaga, na wa mwaloni walielewa injini ya boti.

Jambo dogo la kuangalia: Ng'ombe ilijitokeza mara mbili mahali tofauti katika orodha, kwa kuwa kijana mmoja aliandika alama ya ritifaa iliyonyooka na mwingine iliyopinda, na kompyuta huzihesabu kuwa herufi mbili tofauti. Badilisheni zote ziwe aina moja kabla ya kupanga.

Tulichapa mfano mpya kwa 16,000 nyingine na kuwapa watu 20 ambao hawakuuona wa kwanza. Friji 18, dawa ya kuku 15, cherehani 16, nyavu 17.

26 Aprili 2025: Matangazo

Visanduku 24 vimeuzwa kwa 20,000 kila kimoja, jumla 480,000. Wawili waliomba tuwatangulize katika orodha ya kawaida kwa malipo zaidi, nasi tulikataa. Mpangilio wa majina ni wa alfabeti kwa wote, na anayelipa ananunua kisanduku tu.

10 Mei 2025: Karatasi ya njano

Inasimuliwa kwamba rangi ya njano ilitokana na mchapaji wa Cheyenne, Wyoming, aliyeishiwa karatasi nyeupe mwaka 1883, na kwamba miaka mitatu baadaye Reuben H. Donnelley wa Chicago ndiye aliyekitoa kitabu cha kwanza rasmi cha kurasa hizo. Sisi tuliichagua njano kwa sababu inaonekana mara moja katikati ya madaftari ya dukani. Rimu ya njano tuliipata kwa 21,000, nyeupe kwa 13,000. Njano iliyokoza tuliijaribu na kuikataa, kwani ukurasa wake ukitolewa fotokopi unatoka kijivu na namba hazisomeki, na tunajua watu watatoa fotokopi.

Kitabu kina kurasa 80 za A5, yaani karatasi 20 za A4 zilizokunjwa na kupigwa pini mgongoni. Kurasa hizo lazima zigawanyike kwa 4. Tulikuwa na 77, tukajaza tatu kwa namba za dharura, 112, 114 ya Zimamoto na 116 ya huduma kwa mtoto, pamoja na nafasi ya kuandika. Karatasi nne za nje ni nyeupe, zikibeba maelezo mwanzoni na faharasa mwishoni, na 16 za ndani ni za njano. Kila kitu kitachapwa kwa mashine ya kudurufu, ile inayotumika kwa mitihani ya shule, kwa kuwa kwa nakala 300 ni nafuu kuliko printa.

24 Mei 2025: Tarakimu iliyokatwa

Tulianza na karatasi nne za katikati na tulikuwa tumeshachapa za nakala 120 ndipo mchapaji, mtu makini sana, aliposhauri tukunje seti moja pamoja na karatasi tupu 16 ili tuone unene. Tukakunja, tukapiga pini, tukakata ukingo. Katika kurasa za katikati tarakimu ya mwisho ya kila namba ilikuwa imekwenda na makombo.

Sababu ni kwamba karatasi 20 zikikunjwa pamoja, za ndani husukumwa nje kidogo kuliko za juu, kwa unene wetu takriban milimita 2. Nilikuwa nimeziweka namba milimita chache tu kutoka ukingoni, na kisu kilikata milimita 3 kwa kupima kutoka jalada. Karatasi 480 za njano zilipotea. Tulisogeza namba hadi milimita 12 kutoka ukingoni, tukarudia masta 8 (karatasi mama za mashine, moja kwa kila upande) kwa 1,500 kila moja na kupoteza chapa 960 za shilingi 15, yaani 26,400, mbali na rimu yenyewe. Kunjeni seti tupu kabla ya kuchapa chochote.

Wino wa mashine hii hukauka kwa kunywewa na karatasi, na hewa bado ilikuwa na unyevu. Karatasi za kwanza tulizozigeuza upande wa pili papo hapo zilipakana wino. Baada ya hapo tuliacha kila upande ulale usiku mmoja.

Gharama ya uchapaji, bila hiyo hasara: rimu 11 za njano 231,000, ikiwemo iliyoharibika, rimu 3 nyeupe 39,000, majalada 90,000, masta 40 kwa 60,000, chapa 12,000 kwa 180,000, pini 12,000. Jumla ni 612,000. Ukiongeza matembezi 324,000, mifano miwili 32,000 na hasara ya tarakimu 26,400, mradi mzima umefika 994,400, karibu 3,315 kwa kila nakala.

28 Juni 2025: Mwezi mmoja mikononi mwa watu

Tumeuza nakala 141 kwa 2,000 kila moja, yaani 282,000, na kugawa 40 bure kwa ofisi za kata, zahanati na nyumba za wageni. Pamoja na matangazo tumepata 762,000, hivyo bado tunaudai mradi 232,400.

Namba 9 zimeripotiwa kuwa hazifai, na 6 kati yake ni za vijana wa dukani waliotuponyoka licha ya lile swali la mwisho. Tumechapa kikaratasi cha masahihisho cha kubandika ndani ya jalada. Fundi mmoja aliomba atolewe kwa sababu simu zimemzidi. Jina lake litaondoka katika toleo lijalo, kama fomu ilivyoahidi.

Nakala iliyoko kwenye kibanda cha chai cha Kibirizi nimeikuta imeandikwa kwa kalamu pembezoni mwa ukurasa wa Nyavu: majina saba ya washonaji ambao hatukuwafikia, na namba zao. Nimewapigia wote, watano wamekubali na wameshasaini fomu. Toleo la Januari litaacha nusu ukurasa mtupu mwishoni mwa kila herufi, na kila kitabu cha kaunta kitafungiwa kalamu kwa uzi.